ModelMuse na MODFLOW 6: programu ya bure inayokuonyesha pa kuchimba kisima kabla hujamlipa mchimbaji

Sheli ikivujisha petroli ardhini, kisima cha kwanza cha kusafishia maji huchimbwa karibu na tenki. Ndiko harufu inakotoka, ndiko mwenye mali anakoonyesha kwa kidole, na ndiko gari la kuchimbia linakofika bila kubomoa ukuta. Kwa hesabu za maji chini ya ardhi, hapo mara nyingi ndipo mahali ghali kuliko pote. Kwa mfano tutakaoupitia hapa chini, kisima cha pembeni ya tenki kinadai kusukumwa mita za ujazo 19 kwa siku, wakati kisima cha upande wa pili wa kiwanja kinamaliza kazi ileile kwa 5. Kila mita ya ujazo ya ziada hulipiwa umeme, kaboni ya kuchujia na posho ya fundi, na hulipiwa kwa miaka.

Programu tunayoipitia leo ni ya kuiona tofauti hiyo kwenye kompyuta mapema. Kwa kweli ni programu kadhaa zinazofanya kazi kama moja. MODFLOW ndiyo injini: inaigawa ardhi katika visanduku vidogo viitwavyo seli, inakokotoa kimo cha maji katika kila seli na kiasi kinachopita kwenda seli ya jirani. Imeandikwa na Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, USGS. Mwongozo wake uliosambaa duniani ulitoka mwaka 1988, na MODFLOW 6 ilitoka mwaka 2017. ModelMuse ndiyo dirisha la kufanyia kazi: unachora visima, vijito na mipaka juu ya ramani, nayo inaandika mafaili ambayo MODFLOW inayasoma. MODPATH inafuata njia ya tone la maji tangu lilipo hadi linakotokea. Zote ni bure, hakuna leseni ya kila mwaka, na ukishazipakua hazikuombi bando tena. Kompyuta mpakato ya kawaida yenye Windows inatosha, na modeli ndogo ya sheli moja hukokotolewa kwa sekunde chache.

Kwa mtaalamu anayeweza kuchora mwelekeo wa maji kwa penseli, tunaipa nne kati ya tano. Kwa anayetaka kubonyeza kitufe apewe bei, mbili.

Nyanda za Juu Kusini zinaifanya hesabu hii iwe na uzito kuliko mahali tambarare. Malori ya mafuta yanayokwenda Zambia na Kongo hupita barabara ya TANZAM kutoka Iringa, Mafinga na Makambako hadi Mbeya na Tunduma, na sheli zimejipanga njia nzima, nyingi zikiwa zimekaa mgongoni mwa mteremko huku nyumba, visima vya mkono na chemchemi zikiwa chini yake. Mteremko wa ardhi huenda na mteremko wa maji. Mteremko wa maji ukiongezeka maradufu, pampu ileile katika kisima kilekile hunasa nusu tu ya upana iliokuwa ikiunasa. Kwa hiyo kunakili mpango wa sheli ya tambarare na kuuleta Uyole, Mbeya, ni kujitafutia hasara.

Halafu kuna matabaka. Kuzunguka mlima Rungwe kuna majivu ya volkano na mawe mepesi ya pamisi yanayopitisha maji kwa urahisi, na katikati yake udongo wa kale uliofukiwa, wenye mfinyanzi, unaoyazuia. Iringa na Mafinga ni miamba ya zamani ya graniti na naisi iliyooza kwa juu, na mara nyingi maji mengi hupita chini kabisa ya sehemu iliyooza, pale inapokutana na mwamba mgumu. Ukiweka tabaka moja lenye wastani wa vyote, programu itakubali bila kulalamika na kukutolea picha nzuri ya rangi. Weka matabaka matatu hata kama data yako ni chache: la juu lililooza sana, la kati, na lile jembamba lililo juu ya mwamba.

Sasa vipimo. Hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea, na programu yenyewe haiwezi kukusaidia. Vinahitajika visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, vilivyokaa pembetatu, si mstari. Bomba la PVC la inchi 2 linatosha. Sehemu yenye matundu ianze juu ya kimo cha maji cha masika na iishie chini ya kimo cha kiangazi, kwa kuwa petroli huelea. Matundu yote yakizama, mafuta yanabaki nje ya bomba na kisima kinakwambia kuko safi. Juu ya changarawe inayozunguka matundu weka bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) nusu mita hadi mita moja, la sivyo maji ya mvua yatateremka kandokando ya bomba na kuharibu sampuli.

Midomo ya visima ipimwe na mpima ardhi kwa leveli. GPS ya mkononi hukosea kimo kwa mita kadhaa, na mteremko wa maji kati ya visima viwili vilivyoachana mita 50 huenda ni sentimeta 50 tu. Kosa la sentimeta 10 ni sehemu ya tano ya mteremko wote, na katika pembetatu ndogo linaweza kuugeuza mwelekeo wa maji kabisa. Mpima ardhi wa nusu siku ni matumizi yenye faida kuliko yote katika kazi hii.

Kisima chenye mafuta yanayoelea kina mtego wake. Tuseme kuna sentimeta 60 za petroli juu ya maji. Petroli ina uzito wa karibu 0.74 ukilinganisha na maji, hivyo kimo halisi cha maji ni pale mafuta yanapokutana na maji, ukiongeza sentimeta 44. Anayeandika kimo cha juu ya mafuta anazidisha kwa sentimeta 16. Anayeandika kimo cha chini yake anapunguza kwa 44. Kwa dizeli tumia 0.83 hadi 0.85.

Uwezo wa udongo kupitisha maji hupimwa kwa kuchota maji ghafla kisimani kwa ndoo nyembamba, kisha kuandika yanavyorudi, kila sekunde chache mwanzoni. Hesabu ya Bouwer na Rice ya mwaka 1976 inatosha. Fanya katika visima vyote, si kimoja, kwa sababu namba hii ndiyo inayoburuta gharama: ikiwa maradufu, kiasi cha kusukuma nacho ni maradufu.

Tuchukue sheli ya mfano, namba zake za kufundishia. Udongo unapitisha maji mita 1 kwa siku, unene wenye maji ni mita 10, maji yanateremka mita 1 kwa kila mita 100, na nafasi wazi ardhini ni asilimia 20. Zidisha 1 kwa mteremko wa 0.01, gawa kwa 0.20: maji hapo yanatembea sentimeta 5 kwa siku, sawa na mita 18 kwa mwaka. Wingu la uchafu, yaani eneo la maji ya ardhini yaliyochafuka, lina umbo la yai: urefu mita 60, upana mita 40 katikati.

Katika ModelMuse fungua modeli mpya ya MODFLOW 6, vipimo vya mita na siku, eneo la mita 400 kwa 300, seli za mita 10. Ingiza picha ya ramani nyuma. Chora mpaka wa juu na wa chini wa mtiririko kwa kimo cha maji kisichobadilika, tofauti yake mita 4. Chora wingu, chora kisima, kisha punguza seli za karibu na kisima hadi mita 2. Uzuri mkubwa wa ModelMuse uko hapa: ulichochora hakijafungwa kwenye gridi. Unaweza kubadilisha gridi mara ishirini, na kisima, kijito na tabaka vikabaki mahali pake bila kuchorwa upya. Kwa programu ya bure, hili ni la kuheshimiwa.

Mwaga chembe za MODPATH kuzunguka ukingo wote wa wingu, kisha endesha. Chembe zote ziishie kisimani. Kisima kikiwa katikati ya wingu, karibu na tenki, kinanasa kwa urahisi uchafu ulio juu yake, lakini ule uliokwisha kukipita kwenda bondeni ni vigumu kuurudisha. Kwa mita za ujazo 8 kwa siku kinarudisha maji ya umbali wa karibu mita 13 tu upande wa chini, na ncha ya wingu iko mita 30. Ili kuifikia ncha unahitaji karibu 19, na hata hapo maji ya kwenye ncha yanakuwa kama yamesimama, hayaji wala hayaendi. Hamisha kisima hadi ncha ya chini ya wingu. Sasa mtiririko wa asili unakuletea uchafu wenyewe, na mita za ujazo 5 kwa siku zinatosha kunasa upana wote. Ongeza akiba kwa ajili ya usiyoyajua, tuseme mara 1.4, upate 7.

Kuongeza kisima cha pili hakupunguzi jumla ya maji ya kusukuma katika udongo wa aina moja. Visima viwili vya 4 hufanya kazi ya kimoja cha 8. Faida yake ni kwamba maji hayashuki sana kisimani, jambo muhimu pale udongo unapopitisha maji kidogo na pampu inaishia kunyonya hewa. Mchimbaji akikushauri viwili, muulize sababu ni hiyo au ni nyingine.

Faida kwa pesa? Kuinua maji mita 25 kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 30 kunakula karibu uniti 1.6 kwa siku kwa mita za ujazo 7, uniti 4.3 kwa 19, na karibu uniti 11 kwa 48, ambayo ndiyo pampu ya mita za ujazo 2 kwa saa inayowekwa mara nyingi kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Gharama ya kaboni ni kubwa zaidi. Maji yakae ndani ya pipa la kaboni dakika 15: kwa 7 unahitaji lita 73, karibu kilo 35, kwa 19 unahitaji lita 198, karibu kilo 95. Na mapipa ni mawili yanayofuatana, ili la kwanza likichoka la pili lishike. Tena ukisukuma kupita kiasi unavuta maji safi ya pembeni, uchafu unazimuliwa, na kaboni hushika uchafu mchache kwa kila kilo maji yanapokuwa yamezimuliwa. Unalipa zaidi kusafisha maji ambayo hayakuwa machafu.

Makosa yanayowapata wengi ndani ya programu hii ni yaleyale. La kwanza ni alama ya kutoa. MODFLOW huhesabu kusukuma kuwa namba hasi. Ukiandika 7 badala ya -7 umemwaga maji ardhini, na chembe zitakimbia kisima. Hilo huonekana haraka. Lisiloonekana ni kupunguzwa kwa pampu kimyakimya: kuna chaguo linaloruhusu MODFLOW 6 kupunguza kiasi cha kusukuma seli inapokaribia kukauka. Wewe unadhani umesukuma 7, modeli imesukuma 5, na michoro yote inapendeza. Dawa ni kufungua faili la orodha (listing file) kila baada ya kuendesha na kusoma bajeti ya maji: kilichoondolewa na visima kiwe kile ulichoagiza, na tofauti ya kuingia na kutoka iwe chini ya asilimia 1, ikiwezekana 0.1. Dirisha la ModelMonitor linaonyesha tofauti hiyo kazi inapoendelea, lakini halikwambii kuhusu pampu iliyopunguzwa.

Mpaka uliowekwa karibu mno ni kosa lingine la bei. Kimo kisichobadilika kina maji yasiyokwisha. Kisima kikiwa karibu nacho kinakunywa humo na kinaonekana kinapata maji kirahisi kuliko ukweli. Sogeza mipaka mara mbili ya umbali, endesha tena. Jibu likibadilika, mpaka ulikuwa unakudanganya. Seli za juu zikikauka na hesabu ikagoma kufika mwisho, washa njia ya Newton, chaguo la ukokotoaji linalovumilia seli zinazokauka. Na usisahau kuonyesha ModelMuse faili la MODFLOW 6 liko wapi kwenye diski, kwa sababu hupakuliwa peke yake. Wengi hukwama hapo siku ya kwanza na kudhani programu ni mbovu.

Upungufu wake tunaouhesabia ile nyota moja ni huu: ModelMuse haikutafutii mpango wa bei ndogo kwa MODFLOW 6. Unabadilisha mahali pa kisima na kiasi, unaendesha, unalinganisha. USGS wana GWM, inayotafuta yenyewe kiasi kidogo cha kusukuma kwa masharti uliyoweka, lakini imejengwa juu ya MODFLOW za zamani. Kwa MODFLOW 6 njia iliyo wazi ni PEST++, programu ya bure ya kurekebisha na kuboresha modeli, au kuandika programu fupi ya Python kwa FloPy, maktaba ya kuandaa na kuendesha MODFLOW. Je, inastahili usumbufu? Katika majaribio ya miaka ya mwanzo ya 2000 kwenye maeneo matatu ya jeshi la Marekani, utafutaji wa kihesabu ulipata mipango bora kuliko ya kujaribisha kwa mkono kwa asilimia 5 hadi 50, mara nyingi karibu 20. Hayo yalikuwa maeneo makubwa yenye visima vingi. Kwa sheli yenye kisima kimoja au viwili, kujaribisha kwa mkono kwa siku mbili kunatosha, na wakati huo ni bora uutumie kurudia vipimo vya udongo.

Lugha yake ni Kiingereza peke yake na inakaa kwenye Windows tu. Programu za kulipia kama Visual MODFLOW Flex, GMS na Groundwater Vistas zina picha nzuri zaidi na huduma ya kupiga simu, lakini injini ndani yake ni MODFLOW ileile. Kwa kazi ya ukubwa huu hatuoni sababu ya kuzinunua.

Yako mambo ambayo modeli haitakuokoa nayo. Ujazo wa maji ndani ya wingu letu ni karibu mita za ujazo 3,770. Kwa 7 kwa siku ni siku 540 kuupitisha mara moja, na mara moja haitoshi kamwe. Benzini, kemikali ya sumu iliyo ndani ya petroli, ikiingia ndani ya mfinyanzi hurudi kidogokidogo. Kwa hiyo udongo uliolowa karibu na tenki uchimbwe na mafuta yanayoelea yaondolewe kwanza. Kisima cha kwenye ncha bila kuondoa chanzo kitasukuma mpaka pampu ife, nyingine inunuliwe, nayo ife. Upande wa mtambo, maji yenye chuma hugeuka kutu yakipata hewa na kuziba kaboni ndani ya wiki chache. Yapige hewa, yatuame, yapite kwenye mchanga kabla hayajafika kwenye kaboni. Pima benzini baada ya pipa la kwanza, si baada ya la pili, kwa kuwa miongoni mwa sehemu kuu za petroli zinazoyeyuka majini yenyewe ndiyo hupenya mapema. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita.

Kibali cha kusukuma na cha kumwaga maji yaliyosafishwa huombwa bodi ya maji ya bonde, na Nyanda za Juu Kusini zimegawanyika: Bonde la Ziwa Rukwa lina ofisi Mbeya mjini, Ziwa Nyasa ofisi iko Tukuyu, Rufiji iko Iringa. Angalia maji ya eneo lako yanateremkia bonde gani kabla ya kuandika barua. Ambatanisha picha ya chembe za MODPATH na ukurasa wa bajeti ya maji. Afisa anayejua kazi yake atauliza hivyo viwili kabla ya kitu kingine chochote.

Modeli ya msimu mmoja isikupe usingizi. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na maji yanapopanda kimo mwelekeo wake unaweza kugeuka. Pima visima vyote mwezi wa Aprili na tena Oktoba, endesha modeli kwa hali zote mbili, na uchague kiasi kinachonasa wingu katika ile mbaya zaidi. Mara nyingi pampu inaweza kupunguzwa miezi ya kiangazi. Na benzini ikishuka chini ya kikomo katika visima vyote, zima pampu lakini usiing'oe: chukua sampuli kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mzima, masika yakiwemo, kwa sababu maji yanayopanda huosha mafuta yaliyonasa kwenye udongo juu ya kimo cha kiangazi na kuyashusha tena kisimani.